Wimbo Mmoja, Sura Mbili: Uhakiki wa Albamu "Come On Over" ya Shania Twain na Ziara Yake

0. Utangulizi

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta katika kurasa hizi uhakiki wa tenzi, riwaya, ngano na nyimbo za watu wa nchi yetu na za jirani zetu. Basi huenda wengine wakashangaa kuona kwamba safari hii tumeshika albamu ya muziki wa kantri, iliyoimbwa kwa Kiingereza na mwanamke wa Kanada. Tunaomba watuvumilie. Albamu hiyo, "Come On Over" ya Shania Twain, ilitoka tarehe 4 Novemba 1997, na ziara ya maonyesho iliyoisindikiza ilianza Mei 1998 ikamalizika Desemba 1999. Miaka mingi imepita tangu hapo, na kelele za wapenzi na za wapinzani zimepungua. Ni wakati mzuri wa kuipima kazi hiyo kwa utulivu.

Tunazo sababu mbili za kuichagua. Ya kwanza ni ya kinadharia. Katika masomo ya fasihi simulizi tunawafundisha wanafunzi kwamba wimbo hauishi katika maandishi wala katika kanda peke yake. Unaishi katika utendaji, pale fanani anapokutana na hadhira. Ni rahisi kulisema neno hili, ni vigumu kulithibitisha, kwa kuwa mara nyingi tunapata sura moja tu ya wimbo: ama ile iliyohifadhiwa, ama ile ya uwanjani. "Come On Over" ni mfano wa nadra. Nyimbo zake 16 zilitolewa kwa sura moja mwaka 1997, zikatolewa tena kwa sura nyingine mwaka 1998 kwa ajili ya masoko ya nje ya Amerika ya Kaskazini, kisha nyingi kati yake zikaimbwa jukwaani kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Mhakiki anapata maneno yale yale na sauti ile ile katika hali tatu, na anaweza kulinganisha.

Sababu ya pili iko karibu nasi zaidi. Mtayarishaji wa albamu hii, ambaye pia ni mtunzi mwenza wa nyimbo zote 16, ni Robert John Lange, ajulikanaye kwa jina la utani la "Mutt". Alizaliwa mwaka 1948 Mufulira, katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Msafiri atokaye Lubumbashi akivuka mpaka wa Mokambo, Mufulira ndio mji mkubwa wa kwanza anaoukuta upande wa pili. Hatudai kwamba shaba ya Mufulira inasikika ndani ya nyimbo hizi. Tunasema tu kwamba kazi hii haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa, na kwamba swali lake ni swali letu pia: wimbo ukiondolewa alama za mahali ulipotoka ili upate kuuzwa kila mahali, je, unabaki kuwa wimbo ule ule?

1. Mwimbaji na mtayarishaji

Shania Twain alizaliwa mwaka 1965 mjini Windsor, jimbo la Ontario, kwa jina la Eilleen Regina Edwards. Alilelewa Timmins, mji wa kaskazini uliojengwa juu ya dhahabu na mbao. Baba yake wa kambo, Jerry Twain, alikuwa Mojibwe, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile, naye ndiye aliyempa jina la ukoo. Maisha yalikuwa ya dhiki. Tangu utotoni binti aliimba katika vilabu vya pombe ili kuisaidia familia, na alipokua alifanya kazi ya kupanda miti misituni pamoja na baba yake huyo. Mwaka 1987 mama na baba wa kambo walifariki pamoja katika ajali ya gari. Akiwa na umri wa miaka 22 alilazimika kuwalea wadogo zake, akawatunza kwa mshahara wa mwimbaji katika hoteli ya watalii ya Deerhurst, karibu na Huntsville. Habari hizi amezieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2011.

Albamu yake ya kwanza ilitoka Nashville mwaka 1993. Ndani yake aliimba hasa nyimbo za watunzi wengine, na haikupata wasikilizaji wengi. Mmoja wa wachache walioisikiliza kwa makini alikuwa Lange. Huyu alikuwa amejipatia sifa kubwa katika muziki wa roki kwa kutayarisha "Back in Black" ya AC/DC mwaka 1980 na "Hysteria" ya Def Leppard mwaka 1987, lakini alikuwa mpenzi wa kantri tangu ujana wake. Wawili hao walioana Desemba 1993. Albamu yao ya kwanza ya pamoja, "The Woman in Me", ilitoka mwaka 1995, ikauzwa kwa mamilioni.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Twain hakufanya ziara ya kuisindikiza albamu ile. Katika mila ya kantri, jambo hilo lilikuwa kosa zito. Mwimbaji wa kantri hutarajiwa kusafiri mji kwa mji na kuimba mbele ya watu waliomnunulia mkate. Asiyefanya hivyo hutiliwa shaka. Wapinzani walinong'ona, kisha wakasema waziwazi, kwamba sauti ile ilitengenezwa na mashine za studio, kwamba nyimbo ni za mume, na kwamba mke ni sura nzuri tu ya kuwekwa kwenye jalada. Basi "Come On Over" ilipotoka, ilibeba mizigo miwili: kuwapendeza wanunuzi, na kujibu shtaka.

2. Albamu ya mwaka 1997

Tuanze na ufundi wa kazi yenyewe. Jambo la kwanza linalomgusa msikilizaji ni wingi wa ndoano. Kila wimbo una kibwagizo kinachoshikika mara moja, na kabla ya kibwagizo mna kipande kifupi kinachokitangaza, na baada yake mna mlio wa fidla au gitaa unaokirudia bila maneno. Hii ni kanuni ambayo Lange aliijaribu katika roki: kutoacha hata nukta moja tupu. Sauti ya Twain imewekwa mbele, kavu na karibu, kama mtu anayezungumza nawe mezani. Nyuma yake zimepangwa tabaka za sauti za kuitikia, nyingi zikiwa za Twain na Lange wenyewe. Wapigaji ni mafundi wa Nashville, kama Paul Franklin katika gitaa la chuma la kutelezesha na Paul Leim katika dramu.

Maneno ya nyimbo ni mepesi mno, na wahakiki wengi waliishia hapo: waliona wepesi, wakadhani hamna kitu. Sisi tunaona kwamba wepesi huo ni wa namna mbili, na ni lazima kuzitenganisha.

Namna ya kwanza ni wepesi wa mazungumzo ya nyumbani. Katika "Honey, I'm Home" mwanamke anarudi kutoka kazini amechoka, siku imemwendea vibaya, anamtaka mume amhudumie. Wimbo unageuza desturi ya zamani ya kantri, ambamo mwanamume ndiye arudiye amechoka na mke ndiye apokeaye. Katika "That Don't Impress Me Much" msimulizi anawapima wanaume watatu: anayejivunia akili na elimu yake, anayejivunia sura yake, na anayejivunia gari lake. Wote wanashindwa, na tuseme kwa unyenyekevu mbele ya wasomaji wa jarida hili kwamba wa kwanza kushindwa ni yule msomi. Katika "Black Eyes, Blue Tears" kicheko kinakoma: mwanamke aliyepigwa anaamua kuondoka. Hapa wepesi wa lugha ni silaha. Jambo zito limesemwa kwa maneno ambayo mtu yeyote anaweza kuyatamka jikoni, na kwa hiyo anaweza kuyatumia.

Namna ya pili ni wepesi wa tangazo la biashara. "Rock This Country!" ni mfano wake. Wimbo unaita watu wa nchi nzima washerehekee, lakini hamna ndani yake mtu hata mmoja tunayeweza kumwona. Hakuna kazi, hakuna nyumba, hakuna kosa wala toba. Unamtaja kila mtu, na kwa sababu hiyo haumtaji mtu. Mapenzi ya "From This Moment On", pamoja na uzuri wa mahadhi yake, nayo hayana mahali. Yangeweza kuwa ya bibi na bwana arusi wowote, na bila shaka hiyo ndiyo sababu yamechezwa katika arusi nyingi kiasi hicho.

Kwa hiyo albamu ya 1997 haikuwa kazi moja iliyokamilika toka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa na nyimbo zenye watu ndani yake, na nyimbo zisizo na watu. Tukumbuke mpaka huu, kwa maana utatusaidia baadaye.

3. Sura ya mwaka 1998

Mwaka 1998 albamu ilitolewa upya kwa masoko ya Ulaya na kwingineko. Sauti ya Twain ilibaki karibu kama ilivyokuwa. Kilichobadilika ni mazingira yake. Fidla na gitaa la chuma viliondolewa au vilifichwa katika nyimbo nyingi, mahali pake pakawekwa vinanda vya umeme, gitaa za pop na midundo ya dansi. Mpangilio nao uligeuzwa. Albamu ya kwanza ilifunguliwa na "Man! I Feel Like a Woman!", wimbo wa shangwe na wa ucheshi, ile ya pili ilifunguliwa na "You're Still the One", wimbo mtulivu wa mapenzi. "Love Gets Me Every Time", ambao ndio uliotangulizwa redioni Marekani mwaka 1997 na umejaa fidla, ulisukumwa nyuma.

Kwa upande wa biashara, mpango huu ulifaulu kupita matarajio. Huko Uingereza albamu ilishika nafasi ya kwanza kwa majuma 11 katika mwaka 1999. Marekani, ambako sura ya kwanza ndiyo iliyotangulia kuuzwa, ilikaa majuma 50 katika nafasi ya kwanza ya orodha ya albamu za kantri, na mwaka 2004 ilithibitishwa kuwa imefikia nakala milioni 20 nchini humo peke yake. Zawadi za Grammy zilifuata: mbili mwaka 1999 kwa ajili ya "You're Still the One", na mbili tena mwaka 2000 kwa nyimbo nyingine za albamu hiyo hiyo, zote katika fani ya kantri.

Lakini sisi hatuhakiki hesabu. Tumeusikiliza wimbo wa "You're Still the One" katika sura zote mbili, mmoja baada ya mwingine, na tunaona tofauti iliyo wazi. Katika sura ya kwanza, gitaa la chuma linaijibu sauti. Mwimbaji anasema jambo, chuma kinalia kama mtu anayekubali kwa kutikisa kichwa. Anasema lingine, kinalia tena. Ni uhusiano wa mwimbishaji na mwitikiaji, ambao mwanafunzi yeyote wa nyimbo zetu anaufahamu. Katika sura ya pili mwitikiaji ameondoka. Sauti imebaki peke yake katika chumba kizuri, safi, chenye mwangwi. Maneno hayakubadilika, ila mazungumzo yamegeuka kuwa hotuba.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Kuondoa fidla ili kuwapata wanunuzi wapya hakukuanzia kwa Lange. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watayarishaji wa Nashville kama Chet Atkins na Owen Bradley walifanya vivyo hivyo: walipunguza fidla na gitaa la chuma, wakaweka kwaya na vyombo vya nyuzi vya orkestra, na kutokana na kazi hiyo dunia ilimpata Patsy Cline. Leo hakuna mtu mwenye akili anayesema kwamba Patsy Cline hakuwa mwimbaji wa kantri. Basi fidla peke yake haiwezi kuwa kipimo.

4. Ziara: fanani mbele ya hadhira

Ziara ilianza tarehe 29 Mei 1998 mjini Sudbury, Ontario. Tunaomba msomaji autazame uchaguzi huo. Twain angeweza kuanzia New York au Nashville. Alianzia Sudbury, mji wa migodi ya nikeli na shaba, uliomo katika upande ule ule wa kaskazini alikolelewa. Watu waliomsikiliza usiku ule walikuwa wa aina ya wale aliowaimbia utotoni. Shtaka la kwamba hawezi kuimba bila mashine, alikwenda kulijibu kwanza mbele ya wanaomjua. Mwenye hofu ya kuumbuka hachagui mahakama ya namna hiyo.

Kutoka huko ziara ilizunguka Kanada na Marekani, ikavuka bahari, ikadumu hadi Desemba 1999. Kumbukumbu yake iliyo rahisi kupatikana ni filamu ya onyesho la Dallas la Septemba 1998. Humo tunaona mambo matatu yanayohusu hoja yetu.

La kwanza ni sauti. Twain si mwimbaji mwenye pumzi kubwa kama wale wa kanisani. Sauti yake ni ya wastani, ina mikwaruzo kidogo chini, na jukwaani huishiwa nguvu mahali ambapo katika albamu haiishiwi. Lakini ni yake. Kasoro hizo ndizo zilizoivunja hoja ya wapinzani kuliko ubora wowote: mashine haichoki. Aidha, aliziimba jukwaani pia nyimbo za "The Woman in Me" ambazo hazikuwa zimepata ziara, akalilipa deni la 1995 pamoja na lile la 1997.

La pili ni fidla. Katika kikundi chake cha wapigaji hapakuwa na mpiga fidla mmoja, bali zaidi ya mmoja, nao hawakukaa nyuma. Waliruka na kucheza mbele pamoja naye. Gitaa la chuma lilikuwepo. Na katika miji mingi kundi lililotangulia kuwachangamsha watu lilikuwa Leahy, jamaa ya ndugu wa tumbo moja kutoka Ontario, ambao fidla ndiyo roho ya muziki wao. Hivyo, mwaka ule ule ambao fidla ilifutwa katika albamu ya Ulaya, ilipewa heshima ya kwanza jukwaani. Studio ilitoa, jukwaa likarudisha.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa, ni hadhira. Katika ziara hii vijana wa mji wenyewe waliitwa jukwaani kuimba au kupiga ngoma pamoja naye. Mwaka 1999, huko Ottawa, msichana mmoja wa miaka 14 aliyeshinda shindano la redio alipanda kuimba naye "What Made You Say That", wimbo kutoka albamu ile ya kwanza ya 1993. Msichana huyo alikuwa Avril Lavigne wa Napanee, ambaye miaka mitatu baadaye alijulikana duniani kote. Hatulitaji jambo hili kwa ajili ya umaarufu wake wa baadaye. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi wimbo unavyorudi kuwa mali ya watu: kila mji uliweka mtoto wake ndani ya onyesho, na kila mji uliondoka na onyesho lisilofanana kabisa na la jana.

Jina la albamu ni mwaliko. Kwa Kiswahili tungesema "Karibuni huku". Katika albamu, mwaliko huo ulitoka mahali pasipojulikana na ulikwenda kwa watu wasiojulikana. Katika ziara ulipata anwani. Wahenga walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwimbaji alikuja kama mgeni, na wenyeji walipona kwa kuimba wenyewe.

Hata hivyo, ziara haikuponya kila kitu. Nyimbo zile tulizosema hazina watu ndani yake hazikupata watu kwa kuimbwa jukwaani. "Rock This Country!" ilipata taa, kelele na ngoma, lakini ilibaki tangazo. Kinyume chake, "Black Eyes, Blue Tears" inashika pia mahali ambapo gitaa za roki zinaifunika fidla, kwa sababu mwanamke aliyemo ndani yake anajulikana kwa wasikilizaji, na wengine wao ndio yeye.

5. Swali la asili

Walioilaumu albamu hii na walioiuza walipingana katika mengi, lakini walikubaliana katika jambo moja: kwamba ukantri wa wimbo umo ndani ya fidla. Wapinzani walisema, fidla zimepungua, basi si kantri. Wauzaji walisema, si wanunuzi wote wapendao kantri, basi tuziondoe fidla. Kwa wote wawili asili ni vazi: unalivaa, unalivua. Mwaka 2002 wazo hili lilifikishwa mwisho wake, pale albamu iliyofuata, "Up!", ilipotolewa kwa sura tatu zenye rangi tatu, mmoja wa pop, mmoja wa kantri, na mmoja wenye mahadhi ya Kihindi, kana kwamba wimbo ni mwanasesere wa kuvishwa.

Swali hilo hilo la asili aliulizwa mwimbaji mwenyewe kuhusu nafsi yake. Mwaka 1996 gazeti moja la nyumbani kwao lilieleza kwamba baba yake mzazi hakuwa Mojibwe, ingawa yeye alikuwa akijitambulisha kwa jamaa ya Waojibwe. Jibu lake lilikuwa kwamba Jerry Twain ndiye baba aliyemjua, aliyemlea na kumrithisha jina. Kwa wasomaji wa nchi yetu, ambako mjomba, baba mkubwa au mlezi huweza kuwa baba kamili, jibu hilo halihitaji utetezi mrefu. Asili si damu peke yake. Ni malezi, ni kazi iliyofanywa pamoja, ni nani aliyekulisha.

Tunaona kwamba jibu hilo ndilo linalofaa kwa nyimbo zake vilevile. Wimbo wa kantri ni ule uliolelewa: una mtu ndani yake, una kazi yake na nyumba yake, na una watu wanaoujibu. Fidla ina maana pale inapokuwa mmoja wa hao wanaojibu. Ikiwa ni pambo la kuthibitisha uraia, iondolewe, hakuna kitakachopotea. Ikiwa ni mwitikiaji, kama lile gitaa la chuma katika "You're Still the One", kuiondoa ni kumfukuza mtu katikati ya mazungumzo.

Historia ya kantri yenyewe inatuunga mkono. Banjo yake ina mizizi Afrika. Jimmie Rodgers, aliyerekodiwa mara ya kwanza mwaka 1927 huko Bristol, Tennessee, sahani zake zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya, nao wakamtungia wimbo wao wenyewe. Hugh Tracey aliunasa mwaka 1950 kwa jina la "Chemirocha", ambalo ni jina la Rodgers katika matamshi ya Kikipsigis. Wasichana wale hawakuwa na fidla wala hawakuijua Tennessee, lakini walimpa mgeni yule mahali pa kukaa. Miaka miwili baadaye Tracey huyo huyo alimnasa Mwenda wa Bayeke hapa kwetu, mjini Likasi, ambao wakati ule uliitwa Jadotville. David Rycroft, alipochambua gitaa la Mwenda katika makala yaliyochapishwa mwaka 1961 na 1962, alionyesha jinsi mpigaji alivyobuni papo kwa papo, asifungwe na umbo moja. Sura nyingi za wimbo, kwa hiyo, si dhambi. Mwenda naye hakuwa na sura moja. Tofauti ni hii: Mwenda alibadilisha wimbo kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na neno jipya la kusema, sura ya 1998 ilibadilishwa kwa kuwa soko lilikuwa na neno la kusema.

6. Hitimisho

Hukumu yetu ni hii. Albamu ya mwaka 1997 ni kazi nzuri isiyo sawa pande zote: nusu yake ina watu hai, nusu ina matangazo. Sura ya mwaka 1998 ni dhaifu zaidi, si kwa kukosa fidla, bali kwa kukosa mwitikiaji. Ziara ya 1998 na 1999 ndiyo sehemu bora ya kazi yote, maana ilirudisha kile ambacho studio ilikitoa, ikaongeza kile ambacho studio haikuwa nacho kamwe. Na shtaka la kwamba mwanamke huyu alikuwa sauti ya mume wake limejibiwa na wakati. Ndoa yao ilivunjika rasmi mwaka 2010. Aliugua, sauti yake ikaharibika, akakaa muda mrefu bila kuimba. Mwaka 2017 alitoa albamu ya "Now", ambayo nyimbo zake alizitunga mwenyewe, bila mtunzi mwenza. Hailingani kwa ufundi na "Come On Over", na hilo ni haki kulisema. Lakini mwenye sauti amejulikana. Leo, anaposimama kuimba "You're Still the One", wimbo uliosifu ndoa iliyodumu, maneno ni yale yale na maana ni nyingine kabisa. Hii ni hali ya nne ya wimbo ule, na hakuna studio iliyoitengeneza.

Kwa wanafunzi wetu tuna neno moja la mwisho. Wengi wao hutumwa kukusanya nyimbo katika makambi ya wachimba madini, vijijini na makanisani. Wengine hurudi na maandishi safi: maneno ya mwimbishaji yamenakiliwa, viitikio vimefupishwa kwa nukta tatu, kelele za hadhira zimefutwa kwa kuwa "zinaharibu" kanda. Wanafanya, bila kujua na bila faida ya senti moja, kile kilichofanywa na wauzaji wa mwaka 1998. Wamwandike na mwitikiaji. Wamtaje jina, waseme alisimama wapi, alijibu nini, na siku ile ilikuwa siku gani. Wimbo aliouacha mwimbaji mkononi mwetu haukuwa wake peke yake.